Cheni ya baiskeli ya umeme isiyoaminika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaoniuliza kuhusu cheni huanza na lalamiko lilelile: "Nimeshanunua cheni ya tatu, na zote zinakatika. Ipi ni imara?" Huwa nawajibu kwa swali: ile iliyokatika iko wapi? Karibu wote wameshaitupa. Basi ushahidi wote umekwenda na taka, na cheni mpya itafungwa palepale pabaya, ipate mateso yaleyale.

Mota ina nguvu mno kwa cheni ya baiskeli?

Hapana, na hesabu ni ndogo. Chukua mota ya katikati, ile inayokaa kwenye pedali na kuvuta cheni pamoja nawe. Mota ya Shimano EP8, kwa mfano, hutoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya hadi nyutoni mita 85. Ukiwa na spoketi ya mbele, lile gurudumu la meno linaloshika cheni, yenye meno 38, umbali kutoka katikati yake hadi kwenye cheni ni kama milimita 77. Kwa hiyo mota inaivuta cheni kwa nyutoni 1,100 hivi, kana kwamba umemning'iniza mtu wa kilo 113. Sasa simama juu ya pedali. Mtu wa kilo 75 akiuachia uzito wake wote mkono wa pedali wenye urefu wa milimita 170, anaivuta cheni hiyohiyo kwa zaidi ya nyutoni 1,600. Naam, miguu yako inaishinda mota.

Jumlisha zote mbili, upate nyutoni 2,700 hivi. Cheni nzima ya baiskeli, ikivutwa ikiwa imenyooka, huhimili zaidi ya nyutoni 8,000. Tofauti ya mota ni kwamba haichoki. Wewe unasimama juu ya pedali sekunde kumi mlimani, kisha unakaa. Yenyewe inasukuma mlima mzima. Hilo huichakaza cheni mapema, lakini kuchakaa ni jambo moja na kukatika ni jambo jingine.

Kama si nguvu, inakatikaje?

Inakatika kwa kuvutwa ikiwa imepinda kwa ubavu, au inakatikia pale ilipoungwa vibaya.

Pingili ya nje ni vibamba viwili vya chuma vilivyobanwa kwenye vichwa vya pini. Vinavumilia sana kuvutwa mbele na nyuma. Kusukumwa kwa pembeni ndiko kusikovumilika. Unapobadilisha gia, kuna kipindi kifupi ambapo sehemu ya cheni iko kwenye spoketi moja na sehemu nyingine inapanda ya jirani, imekaa mshazari. Miguu peke yake ikiwa inasukuma, mwili hulegeza wenyewe bila hata kufikiri. Mota haina adabu hiyo. Inaendelea kuvuta, jino linaingia chini ya kibamba badala ya kati ya vibamba, na kibamba kinachomoka kwenye kichwa cha pini. Huenda isikatike siku hiyo. Inabaki imeshikwa upande mmoja, halafu wiki mbili baadaye inaachia ukiwa umesimama juu ya pedali katikati ya barabara.

Ndiyo maana nasema usitupe cheni iliyokatika. Ifute, iweke mwangani, utazame ncha zote mbili. Kibamba kimefunguka kwa nje kama mdomo wa samaki? Gia ilibadilishwa mota ikiwa inavuta. Pini imechomoka, na ndiyo ile iliyosukumwa na fundi wakati wa kuunga? Muungano ulikuwa mbaya. Kibamba kimevunjika katikati, na sehemu ya ule mvunjiko ni nyeusi au ina kutu huku iliyobaki inang'aa? Hapo palikuwa na ufa wa siku nyingi, umekua taratibu. Na ukikuta pingili tatu au nne zimejisokota kama kamba, cheni ilibanwa mahali, mara nyingi kati ya spoketi na fremu.

Mimi yangu ya kwanza ilikuwa mdomo wa samaki. Nilibonyeza gia mbili kwa mpigo nikipanda mlima, msaada wa mota ukiwa juu kabisa, nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu, kisha pedali zikawa nyepesi kama hewa. Goti likagonga usukani. Nilimlaumu aliyeniuzia cheni kwa muda wa mwezi mzima.

Basi nibadilishe gia vipi?

Legeza miguu kabla ya kubonyeza, lakini usiache kuzungusha pedali. Cheni haihami bila kuzunguka, na haitaki kuhama ikiwa imebebeshwa mzigo. Nusu sekunde inatosha. Gia moja, sikiliza itulie, kisha nyingine.

Hapa inabidi ujue mota yako inapima nini. Yenye kihisi cha torki husikia miguu imelegea na kupunguza nguvu papo hapo, kwa hiyo inakufuata vizuri. Yenye kihisi cha mzunguko pekee hujua tu kwamba pedali zinazunguka. Wewe umelegeza, yenyewe inasukuma vilevile, na ukiacha pedali kabisa inaweza kuendelea kidogo kabla ya kukata. Kwa aina hii kuna ujanja mzuri: kama breki zako zina swichi ya kukata mota, na nyingi za namna hiyo zinayo, gusa mkono wa breki kidogo tu, kiasi cha kufika kwenye swichi bila breki yenyewe kushika. Mota inakata, unabadilisha gia, unaachia. Baada ya siku chache kidole kinafanya chenyewe.

Kuna pia kihisi kidogo kinachofungwa kwenye waya wa gia. Kinasikia waya ukisogea na kukata mota kwa muda mfupi. Kama baiskeli yako ni ya kawaida iliyofungwa mota baadaye, hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho ningenunua, kabla ya cheni yoyote ya bei kubwa.

Na kama una kishikio cha kuongeza mwendo kwa mkono, kiachie kabisa unapobadilisha gia.

Jingine ni tabia ya uvivu ambayo mota hutufundisha: kusimama kwenye gia nzito na kuondokea hapohapo, kwa sababu mota itanyanyua tu. Itanyanyua, lakini anayelipa ni cheni na ile spoketi ndogo ya nyuma. Shuka gia kabla hujasimama.

Mota yangu iko ndani ya gurudumu. Haya yananihusu?

Kidogo sana. Mota ya kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, huzungusha gurudumu moja kwa moja, ya mbele au ya nyuma, na cheni hubeba miguu yako tu kama kwenye baiskeli yoyote. Ikikukatikia mara kwa mara, usiisingizie mota. Angalia ilivyoungwa, ilivyochakaa, na kama imenyooka.

Ila kuna onyo moja. Kwenye baiskeli isiyo na gia, cheni hukazwa kwa kulegeza nati za gurudumu la nyuma na kulivuta nyuma. Gurudumu lenye mota lina washa maalumu zenye ulimi, au kipande cha chuma kinachoshika fremu, vya kuzuia ekseli isizunguke. Virudishe vyote jinsi vilivyokuwa na kaza nati barabara. Ekseli ikizunguka ndani ya fremu, inazisokota na kuzikata nyaya za mota, na hapo cheni uliyokuwa unaikaza itakuwa tatizo dogo kuliko yote.

Haikatiki, inachomoka tu. Kwa nini?

Kwanza tazama inaangukia wapi.

Kama inaanguka kwenye spoketi ya mbele, hasa barabara ikiwa na mashimo, mara nyingi imelegea. Kwenye baiskeli ya gia huenda ni ndefu mno, au springi ya mkono wa gia, ule wenye vigurudumu viwili unaoning'inia nyuma, imechoka. Spoketi ya mbele yenye jino nene na jino jembamba kwa kupokezana husaidia sana, maana meno manene hujaza nafasi ya pingili ya nje na cheni haipati pa kuyumbia. Kwa baiskeli yenye spoketi moja tu mbele, hiyo ndiyo dawa ninayoianza. Hakikisha tu umeipanga sawa: jino nene liingie kwenye pingili ya nje. Ukiivalisha kinyume, haitakaa.

Kama inaangukia nyuma, kati ya spoketi kubwa na spoki, usiendelee kuendesha. Huenda skrubu inayouzuia mkono wa gia usipite spoketi ya mwisho imesogea, au lile sikio la chuma linaloshika mkono wa gia kwenye fremu limepinda. Sikio hilo limetengenezwa laini makusudi ili lipinde lenyewe badala ya fremu. Baiskeli ya umeme ni nzito, na ikiangukia upande wa cheni hata ikiwa imesimama tu, sikio linapinda. Simama nyuma ya baiskeli utazame: vile vigurudumu viwili viwe kwenye mstari mmoja na spoketi iliyo juu yake.

Kisha kuna mstari wa cheni wenyewe. Mota za katikati za kujifungia mara nyingi huisukuma spoketi ya mbele nje zaidi kuliko ilivyokuwa. Ukiwa gia nyepesi kabisa, cheni inakatiza mshazari kutoka nje kwenda ndani. Jaribio ni rahisi: toa betri, weka gia nyepesi kabisa, inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kinyumenyume taratibu. Cheni ikishuka yenyewe kutoka spoketi kubwa, mstari umepinda sana. Inawezekana kupata spoketi ya mbele iliyobonyea kwa ndani ili kuirudisha mahali pake.

Kwenye baiskeli isiyo na gia, acha mchezo wa sentimita moja hadi moja na nusu ukiisukuma cheni juu na chini katikati. Pima sehemu kadhaa ukizungusha pedali, kwa sababu spoketi nyingi si duara kamili: upande mmoja inakaza, upande mwingine inalegea. Kipimo ukichukulie pale inapokaza zaidi.

Nimeweka cheni mpya na sasa inaruka meno nikikanyaga. Nimeuziwa mbovu?

Karibu hakika si mbovu. Spoketi zako zilizeeka pamoja na cheni ya zamani. Cheni inapochakaa, nafasi kati ya pini na pini hupanuka, na meno huliwa kufuata nafasi hiyo. Vitu viwili vilivyochakaa pamoja vinaelewana. Ukileta cheni mpya yenye nafasi sahihi, haikai ndani ya meno yale, na ukikanyaga inapanda juu na kuruka.

Kama inaruka kwenye gia moja au mbili tu, spoketi hizo ndizo zimekwisha. Kwa wenye baiskeli za umeme huwa ni zile ndogo za nyuma, za meno 11 au 13, kwa sababu ukiwa na mota unaishi kwenye gia nzito, na meno 11 yanabeba mzigo ambao spoketi kubwa ingeugawa kwa meno 30. Kama inaruka kwenye gia zote, tena kwa mpangilio, kila baada ya mizunguko kadhaa, tafuta pingili iliyokaza. Zungusha pedali nyuma polepole ukitazama kile kigurudumu cha chini: pingili iliyokaza itapita pale bila kupinda vizuri, na mkono wa gia utashtuka kidogo. Mara nyingi ni ile iliyoungwa na fundi. Ishike pande mbili kwa vidole, uipindishe kwa ubavu kidogo huku na huku, italegea.

Nitajuaje imechakaa kabla haijala spoketi?

Kwa rula. Pini hadi pini ni nusu inchi, milimita 12.7, na kipimo hicho ni kimoja kwa baiskeli karibu zote unazoziona leo. Kwa hiyo nafasi 24 ni inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Ivute cheni ikaze, weka sifuri ya rula katikati ya pini, utazame pini ya inchi 12 iko wapi. Ikizidi kwa milimita 1.5, hiyo ni nusu asilimia: kwa cheni nyembamba za gia 11 au 12, badilisha sasa. Ikizidi kwa milimita 2.3, badilisha hata kama ni ya gia chache. Ikifika milimita 3, tayarisha pesa ya spoketi pia.

Watu husema cheni "imevutika". Chuma hakijavutika hata kidogo. Kilicholika ni pini na tundu inamozungukia, unywele mmoja kila mahali, na unywele mara 24 unaonekana kwenye rula. Kipimo maalumu cha mnyororo ni kizuri na chepesi kutumia, lakini rula haidanganyi.

Muda gani? Inategemea mvua, vumbi, milima, na wewe. Pima kila kilomita 300 hivi, huna haja ya kubahatisha.

Mafuta gani?

Mafuta ya cheni ya baiskeli. Sitanii, kuna wanaoweka kila kitu isipokuwa hayo. WD-40 ile ya kopo la kawaida ni nzuri kwa kulegeza nati yenye kutu. Ukiipulizia cheni, inayeyusha mafuta yaliyokuwemo na yenyewe haikai. Grisi haiingii ndani ya rola, vile vipande vya duara vinavyozunguka kati ya vibamba, inabaki nje kukusanya mchanga. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini imejaa vumbi la chuma, sasa unailainishia nini?

Tone moja kwenye kila rola, upande wa ndani wa cheni, ukizungusha pedali taratibu. Ngoja dakika chache, kisha futa nje yote kwa kitambaa mpaka iwe karibu kavu. Sehemu hii ya mwisho wengi wanairuka. Mafuta yanatakiwa ndani, kwenye pini. Ya nje ni gundi ya vumbi tu. Ukiwa eneo kavu lenye vumbi, nta ni bora kuliko mafuta, ila uwe tayari kuirudia kila ikinyesha.

Usioshe kwa mashine ya maji ya nguvu. Maji hayo hupenya kwenye beringi za mota.

Ninunue cheni maalumu za baiskeli ya umeme?

Zinasaidia, lakini si muujiza. Watengenezaji wa cheni KMC wana zile zenye herufi e mbele ya idadi ya gia, na Shimano wana zao; pini zake na vibamba vyake vimeimarishwa. Kwa mota ya katikati ningeichukua. Kwa mota ya kwenye gurudumu, cheni ya kawaida nzuri inatosha.

Linalonishangaza ni watu kukimbilia gia 12 kwenye baiskeli yenye mota. Cheni ya gia 8 ina upana wa milimita 7 na ushee. Ya gia 12 ni milimita 5 na kidogo. Wembamba huo unatoka kwenye vibamba na kwenye urefu wa pini. Mota inaziba mapengo kati ya gia, 12 za nini? SRAM, watengenezaji wa gia, waliliona hilo wakatoa EX1 mwaka 2016, seti ya gia 8 tu kwa ajili ya baiskeli za umeme. Nikijenga baiskeli ya kubebea mizigo leo, nitaweka gia 8 au 9 na kulala usingizi.

Naweza kuirudisha pini ileile niliyoitoa?

Hapana. Kwenye cheni za kisasa, pini ikishasukumwa nje imeharibu kichwa chake na kupanua tundu. Tumia loki, ile pingili ya kuunganishia inayofunguka katikati, na iwe ya idadi ya gia zako. Kwa gia 10 kwenda juu, watengenezaji wengi wanasema loki ni ya kufungwa mara moja tu. Ukiifungua, weka mpya.

Toa betri kabla ya vidole kukaribia cheni. Si kuizima tu, itoe. Mota yenye kihisi cha mzunguko inaweza kuamka ukizungusha pedali kwa mkono, na kidole kati ya cheni na spoketi hakipewi nafasi ya pili.

Kuifunga: unganisha kwa mkono, zungusha mpaka loki ifike sehemu ya juu kati ya spoketi mbili, shika breki ya nyuma, kanyaga pedali kwa nguvu. Itasema "ta". Isiposema, haijafunga, hata kama kwa macho inaonekana imefunga.

Vipi mkanda badala ya cheni?

Mkanda kama wa Gates Carbon Drive hautaki mafuta na haupigi kelele. Lakini haukatwi ukaungwa, kwa hiyo fremu lazima iwe na sehemu ya kufunguka nyuma, na gia za kawaida za nyuma hazitumiki. Unahitaji gia za ndani ya habu au gia moja. Kwa baiskeli uliyonayo tayari, sahau.

Imenikatikia mbali na nyumbani. Nifanyeje?

Kama mota iko kwenye gurudumu, una bahati. Ivue cheni yote, isije ikaingia kwenye spoki, uiweke mfukoni. Kama una kishikio cha kuongeza mwendo, endelea. Kama huna, lakini kihisi chako ni cha mzunguko, zungusha pedali tu: hazishiki chochote, unaonekana kituko, lakini mota inadhani unaendesha na inakupeleka.

Kama mota iko katikati, itazunguka bure. Hapo ama una loki na kifaa cha kusukumia pini, ama unasukuma baiskeli ya kilo 25 kwa mguu. Ukiwa navyo, ng'oa pingili iliyoharibika, na za jirani yake ikibidi, mpaka kila upande ubaki na pingili ya ndani, ziunge kwa loki, na uikwepe gia ya spoketi kubwa kabisa mpaka ufike, kwa sababu huenda sasa cheni ni fupi. Loki yangu nimeifunga kwa utepe chini ya kiti, ndani ya kipande cha tyubu kuukuu. Nilipoitafuta mara ya mwisho ilikuwa kumpa mtu mwingine, aliyekuwa amekaa kando ya njia, cheni mkononi, akijiandaa kuitupa. Nikamwambia ngoja kwanza, nione ncha.